Kufunga, kufungua au kugawa: tulinganishe njia za kutunza patakatifu panapowazuia wanawake

Kwenye njia ya kupanda mlima Omine, mkoani Nara nchini Japani, kuna lango la mbao. Kando yake pana bango la Kijapani na Kiingereza: kwa mapokeo ya dini, mwanamke haruhusiwi kupita hapa. Hakuna askari wala mnyororo, na hakuna anayekagua kitambulisho. Hata sheria ya nchi haimzuii mtu, maana serikali ya Meiji, iliyoifanyia Japani mageuzi karne ya 19, ilifuta katazo la wanawake kwenye milima mitakatifu tangu 1872. Lango limebaki, na mlima wenyewe umo ndani ya eneo lililoingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2004.

Ukiwa mjumbe wa kamati ya urithi, mzee mwenye funguo, mwanasheria, au muumini tu aliyechoka kusubiri nje, siku moja utaulizwa: mahali kama hapa tupafanyeje? Majibu ya haraka ni mawili. Mmoja atasema mila ni mila, asiyeitaka asije. Mwingine atasema usawa hauna msalie mtume, lango ling'olewe kesho. Yote mawili hunoga kwenye mjadala, lakini huyumba mara tu panapokuwa na paa la kukarabati, mahujaji wa kupokea na hakimu wa kujibu.

Hapa nazilinganisha njia tano ambazo zimeshajaribiwa. Kwa kila moja naangalia nani anaamua, nani anabaki nje, utakatifu wenyewe unasalimika au unapotea, na mkikosea mnaweza kurudi nyuma au la. Niseme mapema kwamba huruma yangu kwa njia hizi hailingani.

Usiiwekee UNESCO matumaini makubwa

Wengi hudhani hadhi ya Urithi wa Dunia huja na sharti la usawa. Haiji nalo. Mkataba wa UNESCO wa 1972, unaozaa orodha ya majengo, milima na miji, haujali nani anaruhusiwa kuingia. Ni mkataba wa 2003, unaohusu urithi usioshikika (ngoma, matambiko, sherehe, ufundi), ulioandika wazi kwamba utatambua tu urithi unaopatana na mikataba ya haki za binadamu. Kinachotokea ni kituko: tambiko linalobagua linaweza kukataliwa, huku kisiwa linakofanyika kikipokelewa kwa makofi.

Tofauti hiyo inaonekana kwenye kufuta pia. Kanivali ya Aalst ya Ubelgiji iliondolewa kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2019 kwa sababu ya vikaragosi vilivyowadhihaki Wayahudi. Kwenye orodha ya 1972 yamewahi kufutwa maeneo matatu tu: hifadhi ya choroa ya Oman (2007), bonde la Elbe mjini Dresden (2009) na bandari ya Liverpool (2021). Hifadhi ilipunguzwa mno, bonde likajengewa daraja, bandari ikajaa majengo mapya. Hakuna hata moja lililofutwa kwa kumfungia mtu mlango.

Upo mkataba wa 1979 wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Ibara yake ya 5 inazitaka nchi zirekebishe mienendo ya kijamii na kitamaduni inayomweka mwanamke chini. Ila unazibana serikali, haumbani kuhani. Na serikali zina hila zake. India iliukubali mkataba huo kwa tamko kwamba kwenye ibara hiyo haitaingilia mambo ya ndani ya jamii yoyote bila jamii yenyewe kuanzisha na kuridhia. Kwa hiyo anayetarajia amri itoke Paris au Geneva asubiri huku ameketi. Uamuzi utafanywa nyumbani, na mara nyingi na watu wachache.

Kuuacha mwiko na kuupa nguvu ya sheria: Athos

Rasi ya Athos, kaskazini mwa Ugiriki, ina monasteri 20 za Kiorthodoksi na kilomita za mraba zipatazo 335 za milima na misitu. Mwanamke hakanyagi. Watawa huiita Bustani ya Mama wa Mungu, na kwa imani yao Bikira Maria ndiye mwanamke pekee mwenye nafasi pale. Hata mifugo ya kike haifugwi. Paka wamesamehewa, nadhani kwa sababu panya hawaheshimu mwiko wa mtu.

Katika njia zote tano hakuna iliyo wazi kisheria kama hii. Katiba ya Ugiriki, Ibara ya 105, inatambua kwamba Athos inajitawala. Amri ya mwaka 1953 inamtishia mwanamke atakayeingia kifungo cha miezi miwili hadi mwaka mmoja. Ugiriki ilipojiunga na Jumuiya ya Ulaya, hadhi ya pekee ya Athos iliwekewa tamko lake kwenye hati za kujiunga. Bunge la Ulaya lilipotaka katazo liondolewe mwaka 2003, watawa na serikali hawakubadili kitu, na azimio lile halikuwa na meno.

Ukipanda meli ya watalii kutoka Ouranoupoli utaona katazo hilo lilivyo. Meli hupita sambamba na rasi ikiwa na wanaume na wanawake pamoja, lakini haikaribii ufuo chini ya mita 500 hivi. Monasteri zinaonekana moja baada ya nyingine, na kutoka pale mwanamke mwenye darubini anaweza kuhesabu madirisha. Mtaalamu wa michoro ya Kibizanti aliyesomea kazi hiyo maisha yake yote, akiwa mwanamke, anaishia hapohapo. Mwaka 1997 hazina nyingi za Athos zilitolewa na kuonyeshwa mjini Thesaloniki, na kwa wanawake wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuzitazama uso kwa uso.

Hoja ya watawa si ya kudharau. Athos ni makazi yao. Waliokaa pale wameapa useja, na hakuna msichana aliyezaliwa pale akakua akifungiwa mlango wa nyumba ya babu zake. Monasteri za masista nazo zina vyumba ambavyo mwanamume haingii, wala hatulalamiki. Kama mwiko ungebaki ndani ya kuta za monasteri, ningesema waachwe.

Lakini hapa ni rasi nzima, pamoja na ufuo na msitu, na nje ya kuta yapo mambo mawili. Kwanza fedha: makarabati ya monasteri yamegharimiwa pia na mifuko ya umma ya Ulaya, ambayo wanawake hulipia kodi. Pili, utaratibu wa Athos wenyewe umekuwa ukibadilika. Kanuni za mwaka 972 zilikataza pia kupokea matowashi na vijana wasio na ndevu, na leo mvulana huingia akiwa na baba yake bila taabu. Kwa hiyo hoja ya "haijawahi kubadilika kwa miaka elfu" haisimami vizuri. Ilibadilika kwa wanaume.

Kufunga kwa kila mtu: Okinoshima

Kisiwa cha Okinoshima kiko kama kilomita 60 kutoka pwani ya Kyushu. Kati ya karne ya 4 na ya 9, safari za kwenda rasi ya Korea na China zilipitia huko, na matoleo yakaachwa kwa miungu: vioo vya shaba, pete ya dhahabu, kipande cha bakuli la kioo kutoka Uajemi. Vitu kama 80,000 vilivyochimbuliwa ni hazina ya taifa la Japani. Leo anayekaa kisiwani ni kuhani mmoja wa hekalu la Munakata Taisha, kwa zamu ya siku kumi. Kila anayeshuka sharti avue nguo zote na kujitosa baharini kujitakasa, hata kama maji ni ya kukata mifupa. Haondoki hata na jani, wala hasimulii alichokiona. Na lazima awe mwanamume.

Anayeabudiwa pale, kumbe, ni mungu wa kike, mmoja wa mabinti watatu wa Amaterasu, mungu wa jua. Ukiuliza kwa nini basi wanawake wakatazwe, utapewa sababu ya damu ya hedhi, ambayo Ushinto, dini ya asili ya Japani, uliihesabu unajisi, au sababu ya hatari ya safari ya bahari. Sababu zikiwa zaidi ya moja, mimi huanza kushuku kwamba ile ya kwanza hakuna anayeikumbuka.

Zamani wageni wapatao 200, wanaume watupu, waliruhusiwa siku moja kwa mwaka, tarehe 27 Mei, kukumbuka vita vya majini vya Tsushima vya 1905. Kisiwa kilipoingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017, kelele za ubaguzi zikapanda, na pamoja nazo hofu ya watalii kukanyaga kila kitu. Hekalu likakata shauri: kuanzia 2018 hakuna mgeni tena, awe mume au mke.

Iweke kando ya Athos uone. Athos wanaume wanaendelea kumiminika kwa vibali vya kila siku, na mwanamke anahisi kwa jicho lake kwamba amekataliwa yeye. Okinoshima mwanamke aliyesimama kisiwani Oshima, kwenye hekalu dogo la kusalia kwa mbali, amekaa na mumewe mstari mmoja, wote wakitazama upeo wa bahari kama kilomita 50 wakitafuta kivuli cha kisiwa. Vitu vyenyewe wanavikuta kwenye makumbusho ya hekalu bara, bila kuulizwa jinsia. Mahali pamesalimika, pengine kuliko njia nyingine yoyote, kwa sababu adui mkubwa wa mabaki ya kale ni viatu vingi. Uamuzi unaweza pia kubatilishwa kesho bila kubomoa kitu.

Dosari yake ni moja, nayo ni kubwa. "Wote" maana yake ni wageni wote. Kuhani wa zamu bado ni mwanamume, na hakuna njia ya mwanamke kuwa yeye. Waliosawazishwa ni watalii. Kazi takatifu haikuguswa. Wala mwiko wa kisiwa hicho haujawahi kuwa chuma. Kati ya 1954 na 1971 wanaakiolojia walipewa ruhusa ya kuchimba na kuondoka na maelfu ya vitu kutoka mahali ambapo jani halichukuliwi. Kama uliweza kukunjwa kwa ajili ya koleo, kuna siku utaulizwa kwa nini haukunjwi kwa ajili ya binti wa kuhani.

Njia hii ilijaribiwa pia Shani Shingnapur, kijiji cha Maharashtra nchini India, penye jukwaa la wazi la mungu Shani ambalo wanawake hawakupanda kwa karne nyingi. Mahakama Kuu ya Bombay ilipokumbusha kwamba sheria ya jimbo hairuhusu kuwazuia, mwanzoni mwa Aprili 2016 wadhamini wakaona ujanja: basi wanaume nao wasipande. Haikupita muda, siku ya mwaka mpya wa Kimarathi, tarehe 8 Aprili, mamia ya wanaume waliokuja na maji yao ya kumwogesha mungu wakavunja utaratibu na kupanda kwa nguvu. Siku hiyohiyo wadhamini wakafungua jukwaa kwa watu wote. Mkuki kwa nguruwe. Somo kwa anayechagua liko wazi: kufunga kwa wote hudumu pale ambapo wanaume walikuwa na kidogo cha kupoteza. Wakiwa na ibada wanayoipenda pale, katazo la usawa halimalizi wiki.

Kwenda mahakamani: Haji Ali na Sabarimala

Hapa linganisha kesi mbili za nchi moja, zilizopishana miaka miwili, halafu ujiulize kwa nini moja ilikwisha kimya na nyingine ikawasha moto.

Haji Ali ni kaburi la walii lililo kwenye kisiwa kidogo mbele ya jiji la Mumbai. Unafika kwa njia nyembamba ya mawe ambayo maji yakijaa huifunika. Wanawake wa Kiislamu waliokuwa wakiingia hadi kaburini tangu utotoni walirudi Juni 2012 wakakuta kizuizi cha chuma. Wadhamini wakasema mwanamke kukaribia kaburi la mwanamume mtakatifu ni dhambi. Noorjehan Safia Niaz na Zakia Soman, waasisi wa vuguvugu la wanawake Waislamu nchini humo, wakaenda Mahakama Kuu ya Bombay. Agosti 2016 mahakama ikasema katazo linavunja katiba. Wadhamini wakakata rufaa, kisha Oktoba wakaiambia Mahakama ya Juu kwamba watatii, wakaomba wiki nne za kutengeneza njia. Novemba wanawake waliingia. Hakuna aliyefungiwa hekalu wala kupigwa jiwe.

Sabarimala, jimboni Kerala, ni hekalu la Kihindu la mungu Ayyappa. Mahujaji hufunga nadhiri ya siku 41 kabla ya kupanda ngazi zake 18. Wanawake wa umri wa miaka 10 hadi 50 walizuiwa, kwa hoja kwamba Ayyappa ni mseja. Mahakama Kuu ya Kerala ilithibitisha katazo mwaka 1991. Septemba 2018 Mahakama ya Juu ikalifuta kwa majaji wanne dhidi ya mmoja. Huyo mmoja alikuwa Indu Malhotra, mwanamke pekee kwenye jopo, aliyeona kwamba mahakama isipime imani ya waumini kwa mizani ya mantiki. Ikafuata ghasia. Wanawake waliojaribu kupanda walirudishwa na umati, na ndani ya umati huo walikuwamo wanawake waliosema wako tayari kungoja hadi wafike miaka 50. Tarehe 1 Januari 2019 wanawake wanaounga mkono hukumu walijipanga bega kwa bega kando ya barabara kwa kilomita zipatazo 620. Alfajiri iliyofuata wanawake wawili wakaingia wakiwa na polisi. Kuhani mkuu akafunga hekalu, akafanya utakaso, akalifungua tena. Novemba 2019 mahakama ileile ikayapeleka maswali makubwa ya kesi kwa jopo kubwa zaidi.

Watu husema tofauti ni dini, au siasa za Kerala. Siasa zilichochea, sikatai. Ila mimi naona mambo mawili yaliyotangulia siasa.

Kwanza ni umri wa katazo. Haji Ali, walalamikaji walikuwa wakidai kurudishiwa walichokuwa nacho, na mwiko wa mwaka juzi hauwezi kujiita mila ya mababu. Sabarimala, hata ukibishana na historia yake, waumini wengi waliokuwa hai hawakuwahi kuona vingine.

Pili ni nani alilalamika. Kesi ya Haji Ali ilifunguliwa na waumini wa palepale, wanawake wenye kumbukumbu ya kugusa kaburi. Ya Sabarimala ilifunguliwa mwaka 2006 na chama cha mawakili vijana. Hoja yao ya katiba ilikuwa nzito, lakini kijijini iliwafanya wapinzani waseme kwa urahisi: hawa si wenzetu, hawakufunga hata siku moja kati ya zile 41.

Kwa hiyo mahakama ni chombo kizuri cha kuondoa katazo jipya, au katazo ambalo waumini wenyewe wamelikataa. Kwa katazo la zamani lenye wafuasi wanawake, hukumu hufungua mlango kwenye karatasi na kuacha ngazi zimejaa polisi. Na hukumu ikishatoka, maji yamemwagika. Watunzaji waliokuwa wakisitasita hujikuta wamesukumwa upande mmoja.

Kugawa eneo: Ukuta wa Magharibi

Hii nitaipitia haraka, kwa sababu siipendi. Ukuta wa Magharibi wa Yerusalemu, patakatifu pa Wayahudi, una sehemu ya wanaume na ya wanawake, na ya wanawake ni ndogo. Tangu mwishoni mwa 1988 kundi la wanawake limekuwa likienda pale kusali kwa sauti, wakiwa na shali za sala na kitabu cha Torati, mambo ambayo wenye mamlaka ya mahali wanasema ni ya wanaume. Januari 2016 serikali ya Israeli ilikubali suluhu: sehemu ya tatu, upande wa kusini, ya sala ya pamoja. Baadhi ya wanawake walioanzisha harakati walikataa kuhama, wakisema wameambiwa wakasalie uani. Waliokubali nao hawakuambulia kitu, kwani Juni 2017 serikali iliusimamisha mpango.

Kugawa hupendwa na serikali kwa sababu kila mtu anapewa kipande. Omine nako wana Inamura, mlima jirani ambao wanawake hupanda na ambao umeitwa Omine ya wanawake. Inafaa kama kituo cha njiani. Kama suluhu ya kudumu, inategemea hisani ya yule aliyebaki na kipande kikubwa.

Watunzaji kujirekebisha wenyewe: Koya

Orodha ileile ya 2004 iliyoibeba Omine imeubeba pia mlima Koya, makao ya madhehebu ya Kibudha ya Shingon. Koya nako wanawake walikatazwa kwa karne nyingi. Kwenye kila moja ya njia saba za kuingia palijengwa ukumbi wa wanawake, ambapo hujaji wa kike aliishia. Wenye ukaidi wa imani waliuzunguka mlima kwa kupita juu ya vilima, kutoka ukumbi hadi ukumbi, wakichungulia paa za mahekalu kupitia matawi. Njia hiyo ipo hadi leo, na katika zile kumbi saba umebaki mmoja.

Amri ya 1872 haikuwabadilisha watawa wa Koya kwa siku moja. Walivuta miguu zaidi ya miaka 30, na ni mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo walipokubali. Leo mwanamke analala kwenye nyumba za wageni za mahekalu, anahudhuria sala ya alfajiri, anatembea kati ya makaburi ya Okunoin hadi mbele ya kaburi la Kobo Daishi, mwasisi wa Shingon, ambaye watawa bado wanampelekea chakula kila siku kwa imani kwamba yuko kwenye tafakuri, hajafa. Chakula kile hakijakatizwa kwa sababu wanawake wanakitazama kikipita.

Ukitaka jaribio la kimaabara kuhusu suala hili, ndilo hili: milima miwili, nchi moja, amri moja, orodha moja ya urithi. Mmoja ulifungua na mwingine haukufungua. Sioni mtu makini anayeweza kusema Koya umepungua utakatifu kuliko Omine.

Ubaya wa njia hii ni mwendo wake. Miaka 30 ni umri wa mtu. Halafu hukwama kirahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 viongozi wa mahekalu ya Omine walikuwa wakizungumzia kuliondoa katazo wakati wa kumbukumbu ya miaka 1,300 ya kifo cha mwasisi wao, En no Gyoja. Mwaka 1999 kundi la wanawake likapanda bila kungoja, walioshikilia mila wakapata kisingizio, mazungumzo yakaganda. Siwalaumu wanawake wale; aliyengoja tangu 1872 haambiwi ana haraka. Naeleza tu jinsi mambo yalivyo.

Kabla hujachagua, geuza upande

Kuna kipimo kimoja ninachokipenda: tazama mahali ambapo mwiko unawazuia wanaume, uone wanavyotendewa. Sefa-utaki, kisiwani Okinawa, palikuwa patakatifu pa makuhani wa kike wa ufalme wa Ryukyu, na wanaume hawakuingia. Mwaka 2000 paliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Leo mwanamume yeyote anakata tiketi na kuingia. Okinoshima ya wanaume imelindwa, Sefa-utaki ya wanawake imekuwa kivutio, na nchi ni moja.

Australia ilifika mbali zaidi. Miaka ya 1990 wanawake wa Ngarrindjeri, jamii ya wenyeji wa asili, walipinga daraja la kwenda kisiwa cha Hindmarsh kwa sababu ya siri za wanawake zilizofungamana na mahali pale. Maelezo yalitiwa kwenye bahasha zilizoandikwa zisomwe na wanawake tu. Waziri Robert Tickner, akiwa mwanamume, hakuzisoma, akazuia ujenzi. Mahakama ikaubatilisha uamuzi wake, miongoni mwa sababu ikiwa ni kwamba hakusoma alichopaswa kukisoma. Daraja lilifunguliwa 2001. Anayetaka miiko yote ya jinsia ifutwe siku moja akumbuke kwamba ya wanawake hufutwa kwanza.

Basi, ipi kwa nani

Kama katazo lina umri mdogo kuliko waliozuiwa, usipoteze muda na mijadala ya utamaduni. Kusanya mashahidi waliowahi kuingia, nenda mahakamani, na walalamikaji wawe waumini wa palepale.

Kama mahali ni makazi ya watu walioweka nadhiri, heshimu kuta zao, lakini usiwape msitu, ufuo na jela ya serikali kuwa nyongeza. Fedha ya umma itoke kwa sharti: michoro na maandiko yatoke nje kwa zamu, au wataalamu wa kike waingie kwa kazi.

Kama mahali ni dhaifu na hakuna mtu aliyezoea kuingia, funga kwa wote. Ila uliza palepale kuhusu kazi ya ukuhani, maana hapo ndipo usawa huwa haujafika.

Kama mahali ni pa jamii nzima, wanawake wao wakiwamo, mimi nachagua njia ya Koya ikiwa na tarehe ya mwisho. Farida Shaheed, alipokuwa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa wa haki za kitamaduni, aliandika mwaka 2012 kwamba tuache kuuliza jinsi utamaduni unavyomzuia mwanamke, tuulize kama ana haki sawa ya kushiriki katika utamaduni huo na kuamua upi ubaki na upi uachwe. Kwa lugha ya kikao: wanawake wa jamii ile wawe na kura kwenye kamati ya watunzaji kabla hati ya kuomba hadhi ya urithi haijapelekwa popote. Wakiamua kwa kura yao mwiko ubaki, kama wale waliokuwa tayari kungoja Sabarimala, nitanyamaza. Wakiamua uondoke, serikali isiwe na kisingizio. Baada ya hadhi kupatikana, wenye funguo hawana tena haraka.

Na atakayesema mpaka hausogei, mpeleke Omine. Lango lile analoliona leo halikuwa pale. Zamani mwanamke aliishia chini zaidi, karibu na kijiji. Mwaka 1970 wenye mlima wenyewe walipunguza eneo la katazo, wakapandisha lango juu.